Ukoko Ni wa Anayeosha

Dada Happiness na wenzako wote wa jikoni,

Siku mliyoniaga mlinitaka niseme machache. Nikasimama, nikasema ahsanteni, nikakaa. Mlidhani ni huzuni. Huzuni ilikuwepo kidogo, lakini sababu kubwa ni kwamba nilikuwa na pilau mdomoni, na pilau ile mliipika vizuri. Mkaniambia basi niandike, ili vijana wanaoanza kazi wasome. Mimi niliishia darasa la saba na mkono wangu umezoea mwiko kuliko kalamu, kwa hiyo msinisahihishe sana. Najua pia kwamba, ukiacha Happiness aliyenipa, mnaulizana sufuria kubwa liko wapi. Liko kwangu. Nitaeleza.

Sitaandika juu ya vyeo kwa sababu sikupata hata kimoja. Kuanzia kambini hadi hapo shuleni nilikuwa mtu wa kumenya, kupasua kuni, kuchota maji na kuosha masufuria. Nilistaafu nikidhani kazi imekwisha, na wiki ileile nikapata nyingine ngumu kuliko zote: kumlisha uzazi binti yangu Anjela. Kwetu mwanamke akijifungua hukaa ndani akalishwa mtori, maziwa na nyama ya mafuta mpaka arudishe nguvu na maziwa yajae. Ni kazi ya mama. Mama yake, Restituta wangu, hayupo tena. Nikabaki mimi. Nitafika huko, lakini nianze mwanzo, maana kila nilichokuwa nacho siku ile nilikipata jikoni.

Nilianza kambi moja ya jeshi kule tambarare, ambako ukishuka tu kutoka Kilema, kwetu mlimani, joto linakupokea kama ndugu usiyempenda. Walikuwa wanachukua raia vibarua wa jikoni. Mkuu wa jiko alikuwa Sajini Komba, mtu wa Songea, mfupi, tumbo limemtangulia hatua moja. Yeye kila mtu wa mlimani alimwita Mangi, yaani chifu kwa Kichagga, hata awe na shati moja kama mimi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, Mangi. Umewahi kupika?"

"Hapana, afande. Nyumbani anapika mama."

"Safi. Basi huna cha kusahau. Unaliona lile?" Akanionyesha sufuria ambalo mtu angeweza kulala ndani akikunja miguu. "Lile ndilo bosi wako. Mimi ni msaidizi wake."

Siku hiyo askari walikula wali. Walipomaliza kupakuliwa nikataka nionekane mchapakazi. Nikachukua ndoo mbili za maji, nikazimimina ndani ya sufuria, shwaa, mvuke ukapanda. Nikageuka nikitabasamu. Mpasua kuni alikuwa ameshika sahani yake mkononi kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Mangi," Sajini akasema kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko kelele. "Umemwaga maji wapi?"

"Kwenye sufuria, afande. Lilowe."

"Lilowe." Akawageukia wengine. "Mmesikia? Watu wamepuliza moto tangu alfajiri, macho yamekuwa mekundu kama pilipili, wanangoja ukoko. Yeye anasema lilowe!"

Hapo ndipo nilipofundishwa sheria ya kwanza ya kazi yangu. Ukoko ni wa anayeosha. Si wa mpishi, si wa mkuu wa jiko. Sajini alisema hata jenerali akija akitaka ukoko, atavua koti aoshe sufuria. Anayeosha ndiye anayeukwangua, na akishaukwangua anamgawia anayemtaka. Kwa hiyo sufuria haliguswi na maji mpaka mwenyewe ameridhika. Mimi nilikuwa nimeua mali yangu mwenyewe, na ya wenzangu waliotarajia nitawagawia. Nikauopoa ule ukoko uliolowa, nikaula wote huku wananitazama, kwa sababu pale chakula hakikutupwa. Ulikuwa na ladha ya majuto.

Sajini hakuwa mtu wa kufundisha kwa maneno marefu. Alinipa kitu kimoja kwa wakati, akaniacha nacho. Kabla ya kuweka sufuria kwenye kuni, paka udongo mbichi nje yake, chini na ubavuni. Masizi yatashika udongo, na jioni yanatoka kwa maji matupu. Nimewaona baadhi yenu mnaacha kupaka kisha mnasugua kwa majivu na mchanga mpaka bega linalegea. Mnajiadhibu bure. Kabla ya kumenya ndizi mbichi, paka mikono mafuta, la sivyo utomvu utakufanya uonekane umechimba kaburi. Maharage usiyachambue kwa macho peke yake. Yamwage taratibu kwenye ungo na usikilize, jiwe lina mlio wake.

Ugali wa kambi tulisonga wawili, tumesimama pande mbili za sufuria, miiko mirefu kama makasia. Ukimchukia mwenzako siku hiyo ugali utajua. Chumvi Sajini hakupima kwa kijiko. Alipima kwa konzi, unga kwa debe, maji kwa ndoo. Mkono wangu ukajifunza hivyo ungali mchanga, na haukujifunza kingine tena. Hilo mlikumbuke, maana lilikuja kunisumbua.

Siku ngumu kuliko zote kambini ilikuwa ya furaha pia. Mvua ilikata barabara, lori la unga likakwama huko lilikokwama, na stoo ikabaki na panya wenye mawazo. Wakuu wakanunua ndizi kutoka vijiji vya juu. Zikaja mikungu kwa mikungu, mshare mtupu, zile ndizi za kupika, kijani mpaka kwenye mlango wa bwalo. Sajini akazizunguka mikono nyuma.

"Mangi, hili ni tunda. Nitawapaje askari tunda?"

"Si tunda, afande. Ni mtori."

"Unajua kuupika?"

"Namjua anayejua."

"Nani?"

"Mama, afande. Lakini yuko Kilema."

"Basi mkumbuke vizuri," akasema.

Nikakumbuka. Nilikuwa nimemwona mama maelfu ya mara bila kumtazama: nyama kwanza mpaka mchuzi uwe mzito, kisha ndizi, kisha kuzivuruga kwa mwiko kwa kuzungusha, si kwa kuponda kama mtu mwenye hasira, na kitunguu na mafuta mwishoni. Tulimenya jiko zima, mpaka karani wa stoo. Tulipopakua, askari mmoja kijana alichungulia bakuli lake akauliza, "Afande, samahani, hii ni uji au ni mboga?"

"Ni amri," Sajini akamjibu. "Kula."

Walikula, wakapanga foleni tena. Mwisho nikainamia sufuria langu na kijiko. Kumbe ndizi nazo zikiachwa juu ya makaa zinatoa ukoko, mwembamba, wa rangi ya dhahabu, wenye utamu wa moshi. Nikamgawia Sajini kipande cha kwanza. Alitafuna amefumba macho.

"Mangi," akasema, "kumbe nyie watu mlikuwa mnatuficha."

Baadaye Sajini alihamishwa, na mimi nikapanda kurudi mlimani kwenye jiko letu la shule ya wasichana. Mpishi mkuu alikuwa msichana mrefu, kitambaa cheupe kichwani, sauti ndogo ambayo ilisikika hadi kwenye banda la kuni. Huyo ndiye Restituta.

"Wewe ndiye wa jeshini?"

"Ndiyo, dada. Naitwa Valeriani."

"Hapa hakuna gwaride, Vale. Hapa kuna wasichana, na wasichana wana njaa kuliko askari ila wanaona aibu kusema. Ukiwapakulia kidogo, ujue nakuona."

Nilimweleza sheria ya ukoko siku ya wali wa kwanza. Akacheka, akasema ni sheria ya watu wazembe, lakini hakuipinga. Nami nikaitumia. Kila siku ya wali nilikwangua ukoko, nikachagua pande zuri, nikalifunga kwenye jani la mgomba na kumwekea juu ya meza yake. Halikuwa na maneno. Likaendelea hivyo mpaka siku moja akanisimamia mlangoni.

"Vale, unanichumbia kwa ukoko?"

"Ndicho nilicho nacho, dada."

"Lakini ukoko wenyewe nimeupika mimi. Unanihonga kwa mali yangu!"

"Kwa sheria ni wangu. Ninaosha mimi."

Aliingia ndani, nikamsikia akicheka na mabakuli. Tulifunga ndoa Kilema baada ya mavuno ya kahawa, na wasichana wa shule wakatuimbia. Mama yake aliuliza mbele ya ukoo wote kijana anafanya kazi gani. Restituta akasema, "Anaosha masufuria, na yanang'aa." Hakuna aliyeuliza tena.

Sasa ule mkono wangu. Mwaka wa kwanza wa ndoa Restituta aliugua malaria, nami nikasema leo napika mimi. Nikapika maharage ya watu wawili kwa mkono wa Sajini Komba. Tulikula maharage yale, jirani wakala, tukala tena, mwishowe ng'ombe akala, naye akatutazama kwa lawama. Restituta alikaa kitandani amejifunika blanketi, akacheka mpaka homa ikashuka. "Mkono wako, Vale," akasema, "una watu mia tatu ndani yake. Hauwezi kumpikia mtu mmoja." Tangu siku hiyo nyumbani alipika yeye, mimi nikaosha.

Anjela alikulia kwenye mlango wa nyuma wa jiko lenu. Jumamosi alikuja na sahani yake ya bati, akasimama kizingitini, asiingie maana mama yake alikataza, akapaza sauti: "Nani anaosha leo?" Akijibiwa ni baba, alikaa chini kungoja. Akijibiwa ni mwingine, aliondoka akinuna. Happiness, wewe ulipoanza kazi ulimkuta mkubwa, lakini nyumbani aliendelea kuuliza swali hilo kila tulipopika wali, hata siku alipoleta mchumba. Kijana wa watu hakuelewa kwa nini mimi na Restituta tuliinuka pamoja kushika sufuria.

Restituta alifariki mwaka juzi, kwa kifua. Mlikuja wote mkapika msibani kwangu, na mimi niliosha. Mlinizuia, nikawaomba mniache. Sitaandika zaidi ya hapo. Mwiko wake uko palepale ulipotundikwa.

Basi, nikastaafu. Anjela alikuwa ameolewa Tarakea, mumewe anaendesha lori na mara nyingi yuko safari. Mama mkwe wake ni mtu mzuri ila miguu inamsumbua, hawezi kuinuka kumhudumia mzazi. Anjela akasema atakuja nyumbani. Akaja na mtoto wa kiume, mweusi, mwenye mapafu ya sajini. Mama mkwe akatuma mbuzi mnene na salamu: mlisheni vizuri.

Nikatwaa kasufuria kadogo na kuwasha moto. Mtori wa kwanza ulikuwa na chumvi ya kambi. Wa pili, kwa kuogopa chumvi, ulikuwa kama maji ya kuoshea vyombo. Wa tatu moto wangu uliunguza kabla sijageuka. Nimezoea kuni za sufuria kubwa, sijui moto wa mtu mmoja. Kila mara Anjela alionja vijiko viwili, akasema "Mzuri, baba," akageukia ukutani. Ni muongo mpole, kama mama yake.

Mama Shirima, jirani yetu, akaleta mtori wake, na ule haukuwa na kosa lolote. Anjela alionja vijiko vilevile viwili. Mama Shirima akanivuta nje chini ya migomba.

"Baba Anjela, maziwa hayajai. Yule mtoto analia njaa, halii deko."

"Nimesikia, mama."

"Tatizo si mtori ule. Anakula peke yake kwenye chumba alichozaliwa, anamwona mama yake kila kona. Nani atameza hapo?"

Nilikaa kwenye gogo la kupasulia kuni. Niliogopa, wenzangu. Kwenye maisha yangu nimelisha watu wasiohesabika, na yule mmoja niliyepewa nimlishe alikuwa ananikondea, na mtoto wake pia. Nikaitazama mikono yangu nikakumbuka maneno ya Restituta, kwamba mkono huu hauwezi kumpikia mtu mmoja. Nikajiambia, basi nisimpikie mmoja.

Nikaja kwenu. Happiness, unakumbuka ulivyonishika mkono ukashtuka.

"Baba, una msiba?"

"Hapana. Nataka kuazima sufuria kubwa. Nina mtu mmoja wa kulisha."

"Lile la watu mia tatu?"

"Hilohilo."

Ulinitazama kama mtu anayefikiria kumpigia simu paroko. Lakini ulinipa, Mungu akubariki. Kijana wa bodaboda alilivaa kichwani kama kofia ya chuma akaniuliza njia nzima tunakwenda vita gani.

Nikalipaka udongo. Nikaweka mafiga matatu ya mawe uani, karibu na dirisha la Anjela, nikapasua kuni za kutosha. Nikachinja yule mbuzi wa Tarakea. Mama Shirima akaita majirani wamenye mshare, nami nikawagawia mafuta ya mikono, na wale waliokataa wana vidole vyeusi mpaka leo. Wakakaa kwenye majani ya mgomba wakimenya na kusengenyana kwa Kichagga, na mimi nikasimama mbele ya sufuria. Maji kwa ndoo. Chumvi kwa konzi. Mkono haukuuliza kitu. Nyama ikachemka, mchuzi ukawa mzito, ndizi zikaingia, nikazivuruga kwa kuzungusha. Nilitumia mwiko wa Restituta kuonja, ila kuvurugia ni mfupi, nikachonga mwingine kwenye mti wa mruka. Nilikuwa naimba, naambiwa. Sikujua.

Watu wakala. Wakaja hata wa njia ya juu ambao hakuna aliyewaita, harufu iliwaita. Mzee mmoja alikula mabakuli matatu akasema anajaribu tu. Nilimpelekea Anjela la kwake kabla ya wote, nikaliweka pembeni ya kitanda, sikumwambia ale. Nikarudi uani. Kelele zilikuwa kama za bwalo Jumapili: vijiko, vicheko, mtu anadai nyama ya mwenzake. Nikasogeza makaa chini ya sufuria, nikaliacha litulie, nikachukua kijiko cha chuma cha kukwangulia.

Nikasikia mlango. Anjela alikuwa kizingitini, amejifunga khanga mbili na blanketi, mtoto kifuani. Watu wakageuka kumtazama. Akauangalia ule uwanja mzima wa watu wanaokula, akaliangalia sufuria, kisha akanitazama mimi.

"Nani anaosha leo?"

Nikainua kijiko cha kukwangulia. "Baba," nikasema.

"Basi usimwage maji."

"Wewe!" Mama Shirima akapiga kelele. "Mzazi hatoki nje! Upepo huu!"

"Mama, mwache," nikasema.

Anjela akampa Mama Shirima mtoto, jambo ambalo lilimnyamazisha, akakaa kwenye kigoda kando ya sufuria. Nikamkwangulia. Ukoko ulitoka mwembamba, wa dhahabu, umeshika vizuri. Akala kipande, akala kingine, machozi yanamtoka na anatafuna vilevile. Akauliza kama nimemgawia mtu mwingine. Nikasema bado. Akasema, "Usimgawie." Halafu akamwambia Mama Shirima, "Mama, samahani, bakuli langu liko ndani, lilete kabla halijapoa." Alikula lote, akaomba jingine, na watu wakaanza tena kelele zao kana kwamba hawakuwa wakitazama. Yule mzee wa mabakuli matatu akasema "Aika, mbe," yaani ahsante kwa Kichagga, akaomba la nne.

Kesho yake asubuhi Mama Shirima alikuja kumwogesha mtoto. Akatoka chumbani akiwa amejishika kiuno, uso wake wote unacheka.

"Amelala, Baba Anjela. Na safari hii amelala kwa shibe. Kifua cha mama yake kimejaa."

Sasa mnajua sufuria liko wapi. Nimelisugua mpaka linang'aa, lakini sitalirudisha mpaka uzazi uishe, kwa sababu Anjela hali kwenye chombo kingine, na majirani wameshazoea. Jumamosi napika tena. Panda huku, Happiness, na wenzako wote, mkija na vijana wapya niwaonyeshe namna ya kupaka udongo. Mtakula mpaka mchoke. Ukoko tu msiuulizie, una mwenyewe.